Kupanda Mchongoma, Kushuka Ngoma: Habari za Marubani na Viwanja vya Nchi ya Magharibi

Leo twataka kueleza jambo moja tu katika habari za eropleni, nalo ni jambo la kushuka. Wazee wetu walisema, "Kupanda mchongoma, kushuka ngoma." Walipolisema neno hilo eropleni hazikuwako, lakini hakuna rubani hata mmoja atakayewapinga. Watu wanaosimama kando ya kiwanja hustaajabia eropleni inapoondoka, kwa ngurumo yake na vumbi lake. Marubani wenyewe huhesabu kwa namna nyingine. Kwao kuondoka ni mwanzo wa kazi, na kushuka ndio mtihani.

Habari zetu zitaanzia katika nchi ya magharibi, tangu Kigoma na Tabora hata Inyonga na ziwa Rukwa. Kisha tutakwenda Nairobi, kwa sababu huko mafunzo ya marubani yalitia mizizi mapema katika Afrika ya Mashariki. Mwisho tutarudi Mpanda na Katavi, tuone mambo hayo ya zamani yatufaa nini leo.

Katika mwaka wa 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Wabelgiji walileta eropleni nne za kutua majini mpaka pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika. Zilikuja kwa meli, kwa reli na kwa mto, kupitia nchi ya Kongo. Mwezi wa Juni mwaka ule zilianza kuvuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma, ilipokuwako meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo ile ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba, na wengi wetu twaijua.

Mtu aweza kudhani ya kuwa kutua majini ni rahisi, kwa kuwa maji hayana visiki wala mawe. Sivyo. Mawimbi yakiwa makubwa huvunja miguu ya eropleni. Na maji yakiwa matulivu kabisa, yanang'aa kama kioo, hatari ni nyingine, maana jicho halipati kitu cha kushika, na rubani hawezi kujua kama yuko futi 30 juu ya maji au futi 3. Hapo twapata neno la kwanza la kukumbuka: aghalabu kosa la rubani katika kushuka halitoki katika uvivu wala ujinga. Hutoka katika jicho lililodanganywa.

Vita ilipokwisha, Waingereza walitaka kufungua njia ya angani tangu Cairo hata Cape Town. Vikosi vitatu vilitumwa kutafuta mahali pa viwanja, na kazi yao ilifanyika katika mwaka wa 1919. Viwanja na mahali pa kushukia kwa dharura vilipita 40. Katika sehemu ya kati walichagua Kisumu, kisha Tabora, kisha Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, katika nchi ya Zambia. Mwanafunzi mwenye ramani na avute mstari kwa rula tangu Tabora hata Mbala. Atapata maili kama 280, na mstari wake utapita juu ya misitu ya Inyonga na kando ya ziwa Rukwa, yaani katika nchi ambayo tangu mwaka wa 2012 imekuwa Mkoa wa Katavi. Msitu wa miyombo ukitazamwa toka juu hufanana na zulia laini, lakini rubani aliyeharibikiwa na injini juu yake hana mahali pa kuweka magurudumu.

Kutengeneza viwanja hivyo kulikuwa kazi nzito kuliko wengi wanavyofikiri. Adui mkubwa alikuwa kichuguu. Huko Ndola, kusini ya Abercorn, watu 700 walifanya kazi tangu mwezi wa Aprili hata Agosti 1919, wakaondoa udongo wa vichuguu kiasi cha tani 25,000, na vingine vilikuwa na urefu wa futi 25. Ukigawa hesabu hiyo, kila mtu alipata tani 35 na zaidi. Magazeti ya Ulaya yaliandika sana majina ya marubani waliopita katika njia ile. Majina ya watu 700 wa Ndola hayakupata sifa hiyo, wala ya wenzao walioufyeka msitu mahali pengine. Lakini pasipo wao hapangekuwa na safari, kwa kuwa eropleni isiyo na mahali pa kushuka ni jiwe lililotupwa.

Mwaka wa 1920 ulipoanza, marubani walikuja kuijaribu njia hiyo. Tarehe 24 Januari eropleni kubwa ya aina ya Vickers Vimy, yenye injini mbili, iliondoka Uingereza kwa gharama ya gazeti la Times la London. Marubani wake walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, nao walimchukua Chalmers Mitchell, bingwa wa elimu ya wanyama. Ilipita Misri na Sudani, ikafika Tabora. Tarehe 27 Februari ilipokuwa ikiondoka Tabora ilianguka. Watu hawakufa, lakini safari ilikufa.

Eropleni nyingine ya aina ile ile, jina lake Silver Queen, iliondoka Uingereza tarehe 4 Februari, ikiendeshwa na Pierre van Ryneveld na Quintin Brand. Ilipokuwa ikisafiri usiku juu ya nchi ya mto Naili, maji ya kupozea injini yalivuja, wakalazimika kushuka gizani karibu na Korosko, nayo ikavunjika. Injini zake ziliokolewa, zikatiwa katika eropleni ya pili. Hiyo ilipita Kisumu, Tabora na Abercorn salama, ikafika Bulawayo. Tarehe 6 Machi ilijaribu kuondoka Bulawayo, ikashindwa kupanda, ikaanguka. Basi wakapewa eropleni ya tatu, nao wakafika Cape Town tarehe 20 Machi 1920. Safari moja, eropleni tatu.

Je, mabwana hawa hawakujua kazi yao? Walijua, tena walikuwa marubani hodari wa vita. Lakini walijifunza kazi yao katika nchi za chini na za baridi, na hewa ya kwetu si sawa na hewa ile. Tabora iko karibu futi 3,900 juu ya bahari, na Bulawayo imepita futi 4,000. Kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na jua kali huizidisha wepesi wake. Mbawa hubebwa na hewa, na injini huvuta hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo katika nchi ya juu, saa nane ya mchana, mbawa zahitaji kasi kubwa zaidi, na injini haina nguvu zake zote.

Jambo hili humtega rubani hata katika kushuka. Tuseme saa yake ya kasi yaonyesha maili 60 kwa saa. Katika uwanja wa Tabora, siku ya jua kali isiyo na upepo, eropleni inapita juu ya ardhi kwa maili kama 66, kwa sababu saa hiyo hupima nguvu ya hewa inayogonga, na hewa ni nyepesi. Mwanafunzi aliyezoea pwani huona miti ikikimbia kuliko desturi. Hudhani amezidisha kasi, akaipunguza. Kumbe kasi yake ilikuwa sawasawa, na sasa ameikosa ile aliyoihitaji.

Sasa tueleze namna mwanafunzi anavyofundishwa kushuka, maana pasipo hayo habari zinazofuata hazitaeleweka. Huondoka kiwanjani, hupanda, hugeuka, hurudi sambamba na uwanja akiuona ubavuni mwake, hugeuka tena, kisha hugeuka mara ya mwisho akakabili uwanja na upepo, akashuka. Magurudumu yakigusa, huongeza moto wa injini akaondoka tena bila kusimama. Mzunguko huo huchukua dakika chache tu, naye huurudia asubuhi nzima, siku baada ya siku, kama mtoto wa chuoni anavyorudia alifu na bee. Mwalimu huketi karibu naye, na usukani ni wa watu wawili. Siku moja mwalimu hushuka, hufunga mlango, humwambia aende peke yake. Rubani asahau mambo mengi maishani mwake, siku hiyo hataisahau.

Makosa ya mzunguko huu yanajulikana. La kwanza ni kuinua pua ya eropleni mapema mno, ungali juu ya ardhi futi nyingi. Hapo kasi hufa, eropleni ikadondoka kama gunia. La pili ni kugusa ardhi kwa nguvu, eropleni ikadunda kama mpira, na mwanafunzi kwa hofu akasukuma pua chini. Mdundo wa pili huzidi wa kwanza, na wa tatu huvunja gurudumu la mbele. La tatu ni kuja kwa kasi mno, uwanja ukaisha kabla ya mwendo kwisha. Makosa haya matatu aghalabu huvunja vyuma, na mara nyingi watu hutoka wazima.

La nne ndilo linaloua. Hutokea katika kona ya mwisho. Rubani amechelewa kugeuka, aona uwanja unampita, basi ailaza eropleni sana na kuvuta usukani ili aupate. Eropleni inapolala katika kona, mbawa hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito wake. Ikiwa katika kwenda moja kwa moja mbawa huacha kubeba kasi ikipungua chini ya maili 40, basi katika kona ya kulala digrii 45 huacha kubeba kwa maili karibu 48, na kwa digrii 60 huacha kwa maili 57. Injini ingali inanguruma, hakuna kilichovunjika, lakini bawa moja hulegea kabla ya jingine, na eropleni huanguka huku ikizunguka kama pia. Juu angani, futi 5,000, mwanafunzi hufundishwa kulisahihisha jambo hilo, naye hufaulu. Kwa futi 400 hawezi, kwa sababu ardhi hufika kabla mkono haujamaliza kazi. Urefu ni akiba ya rubani, na katika kona ya mwisho akiba hiyo imekwisha kutumika.

Nairobi walilijua jambo hili mapema kwa msiba. Chama cha marubani wa Afrika ya Mashariki kilianzishwa huko katika mwaka wa 1927. Mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha eropleni nchini Kenya alikuwa Maia Carberry. Tarehe 12 Machi 1928 alikuwa akimfundisha mwanafunzi karibu na Barabara ya Ngong. Eropleni ikaanza kuzunguka kama pia, ikaanguka, wote wawili wakafa. Alimwacha binti yake, ambaye hakuwa amefikisha miaka mitatu. Hatusemi mkono wa nani ulikosea, maana usukani ulikuwa wa watu wawili. Twasema hili tu, ya kuwa hata mwalimu akiwa karibu, urefu ukikosekana hawezi kuukopa.

Mwaka uliofuata, 1929, mwanamke mwingine, Florence Wilson, alianzisha kampuni ya eropleni mjini Nairobi, na jina lake ndilo lililobaki katika kiwanja cha Wilson mpaka leo. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, ambaye pia alimfundisha Beryl Markham, yule aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake toka mashariki kwenda magharibi katika mwezi wa Septemba 1936. Campbell Black mwenyewe alikuwa bingwa. Katika mwezi wa Oktoba 1934 yeye na mwenzake Scott walishinda mashindano makubwa ya kwenda toka Uingereza hata Australia. Lakini tazameni mwisho wake. Tarehe 19 Septemba 1936, siku chache tu baada ya mwanafunzi wake kuvuka Atlantiki, alikuwa katika kiwanja cha Speke, Liverpool. Eropleni yake ilikuwa chini, ikitambaa polepole kwenda kuondoka. Eropleni nyingine ya kijeshi ikashuka, rubani wake asimwone, ikamgonga, naye akafa. Mtu aliyepita juu ya nusu ya dunia aliuawa ardhini, kwa kushuka kwa mwingine.

Hivyo kosa la kushuka halimhusu mmoja tu. Kiwanja ni njia panda, na anayefanya mazoezi hapo hutumia macho yake kwa mambo mengi kwa wakati mmoja: kasi, urefu, upepo, na wenziwe. Wala jambo hili si la zamani tu. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya mbuga ya Nairobi, karibu na kiwanja kile cha Wilson, eropleni ndogo ya mafunzo iligongana na eropleni ya abiria iliyokuwa imetoka kuondoka. Eropleni ya abiria ilirudi salama na watu wake wote. Katika ile ndogo, mwalimu na mwanafunzi wake walikufa. Ni karibu miaka mia tangu msiba wa Barabara ya Ngong, katika mji ule ule na mwezi ule ule.

Sasa turudi kwetu. Njia ya Tabora na Abercorn haikudumu. Kampuni kubwa ya Waingereza ilipoanza safari za kwenda Cape katika miaka ya 1931 na 1932, ilipita Moshi, Dodoma na Mbeya, na nchi ya Mpanda ikaachwa kando. Leo mambo yamegeuka. Mji wa Mpanda una kiwanja chenye lami. Katika Hifadhi ya Katavi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, kuna kiwanja cha udongo cha Ikuu, ambako eropleni ndogo huleta wageni wanaokuja kutazama nyati, viboko na tembo. Vijana wa Tanzania, wanaume kwa wanawake, huziendesha eropleni hizo.

Kiwanja cha udongo kilichokatwa katikati ya pori ni mwalimu mkali. Uwanja ukiwa mwembamba, jicho la rubani aliyezoea viwanja vipana humwambia kwamba yuko juu zaidi ya alivyo, naye huelekea kushuka chini mno. Mvua za masika hulainisha udongo, na mnyama huingia uwanjani bila kubisha hodi. Kwa hiyo rubani mwenye busara hupita kwanza juu ya uwanja, autazame wote, kisha azunguke na kuja kushuka. Na hata akiisha kuukabili, akiona nyati amesimama kati, au kasi imezidi, au kona imeharibika, huongeza moto wa injini, akapanda, akaanza upya.

Hilo la kuanza upya ndilo kiini cha habari zetu zote. Wengi wa waliokufa katika kona ya mwisho walikuwa na nafasi ya kuiacha kona hiyo na kupanda tena. Walitaka kuiokoa, kwa kuwa abiria walikuwa wakitazama, au mwalimu, au fahari ya moyo. Rubani anayepanda tena hakushindwa. Ameweka urefu katika akiba yake na kununua dakika tano za kufikiri. Ndiyo maana sheria za mataifa, zilizotokana na mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, hazimwachi rubani kutegemea sifa zake za kale. Asiyeondoka na kushuka angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita haruhusiwi kuongoza safari ya abiria mpaka afanye mazoezi tena, hata awe amefanya kazi miaka 30.

Na sisi tulio chini tuna sehemu yetu. Mabwana mnaoishi karibu na viwanja, msikipitishe kijia katikati ya uwanja, wala msiwaache ng'ombe na mbuzi humo, hata majani yakiwa mazuri. Wanafunzi, msikimbilie eropleni ingali inakwenda, na msisimame katika mwisho wa uwanja ili kuiona vizuri, maana hapo ndipo inapofika ile iliyokuja kwa kasi mno. Mkiona shimo jipya au kichuguu kinachoanza kuinuka, mpasheni habari mtunzaji wa kiwanja siku hiyo hiyo. Mchwa hawakuacha kazi yao tangu mwaka wa 1919, na tani 25,000 zilianza kwa kichuguu kimoja kidogo ambacho hakuna aliyekiondoa.

Mkiona eropleni imekuja chini kabisa juu ya Ikuu au Mpanda, karibu kugusa, kisha ikanguruma na kupanda tena, msiicheke wala msiseme rubani wake hajui. Mtengeeni nafasi, mtoe mifugo ikiwa imo, na mngoje. Anajua, naye atarudi.